Kutazama ndege katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wageni wa Amani hawaachi kuyarudia, wengine wiki kadhaa kabla ya safari, wengine wakiwa tayari njiani. Kama hujawahi kutazama ndege msituni, anzia juu. Kama umezoea na unachotaka ni ndege wenyewe, ruka hadi swali la 13.

## Mahali penyewe

1. Amani iko wapi, na ni hifadhi ya namna gani?

Iko katika milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga, na njia ya kuingilia ni Muheza. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ina zaidi ya hekta 8,000 za msitu, ambazo zinapakana na vijiji na mashamba ya chai. Ndani yake imo pia bustani kubwa ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, walipojenga hapo kituo cha utafiti wa kilimo.

Si hifadhi ya taifa kama Mikumi au Serengeti, na hakuna kukaa garini ukisubiri mnyama ajitokeze. Huku unatembea kwa miguu na unatumia masikio kuliko macho.

2. Ndege wapo kila mahali. Kwa nini watu watoke mbali kuja hapa?

Kwa sababu wapo ndege wa Usambara ambao ukiwakosa hapa huna pengine pa kuwapata, au panabaki sehemu moja au mbili tu duniani.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Milima hii inapokea unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma, huku mvua ilibaki na msitu ukabaki. Kati ya mlima na mlima kuna tambarare kavu ambazo ndege wa msituni havuki kwa urahisi. Basi kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakabadilika kwa njia yao kwa muda mrefu mno.

Ndiyo maana mtu aliyeona ndege 500 mbugani anaweza kusimama Amani asubuhi moja na kukutana na wageni watupu.

3. Kuna wanyama wakali? Ni salama kutembea?

Simba hawapo, tembo hawapo, nyati hawapo. Utakaokutana nao zaidi ni mbega weupe na weusi, kima, vinyonga na, ukitulia sana, sange akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu. Nyoka wapo kama msitu wowote wa joto, wakiwamo wenye sumu kali. Tazama unapokanyaga, usiingize mkono kwenye shimo au gogo bovu, na usikae juu ya mti ulioanguka bila kuukagua.

Hatari za kawaida ni ndogo na za kuudhi: kuteleza kwenye matope, kupe, upupu, siafu (swali la 15). Malaria ipo, hasa upande wa chini. Lala ndani ya chandarua hata kama usiku ni baridi na hujasikia mbu.

4. Nichague Amani au Magamba kule Lushoto?

Ukiweza, zote mbili. Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera, na ndege wake hawafanani kama majina yanavyodokeza. Magamba iko juu zaidi na ina baridi kali. Huko ndiko kwa yule ndege mdogo wa kahawia *Sheppardia montana*, anayepatikana Usambara Magharibi peke yake. Amani iko chini zaidi, ina joto na unyevu, na ina mchanganyiko wa ndege wa milimani na wa misitu ya pwani. Mwenye siku mbili tu na shauku ya chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, aje Amani.

## Kupanga safari

5. Mwezi gani ni mzuri?

Jibu langu ni katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Ndege wengi wanaanza kujiandaa kuzaa kuelekea mvua za vuli, kwa hiyo wanaimba, na ndege wa msituni anayeimba ni ndege uliyekwisha kumpata nusu. Barabara nazo bado zinapitika.

Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, msitu uko kimya zaidi. Lakini miezi hiyo ina jambo lake ambalo wageni wengi hawalijui: baridi ikizidi juu, baadhi ya ndege wa milimani hushuka hadi misitu ya chini. Mtu anayezunguka Sigi (langoni mwa hifadhi, upande wa chini) na kandokando mwezi Julai anaweza kukutana na ndege ambaye mwezi Desemba angelazimika kumpandia mlima. Pia makundi mchanganyiko (swali la 14) ni rahisi kuyapata wakati ambapo ndege hawajajitenga wawili wawili kwa ajili ya viota.

Januari na Februari kuna joto, na wageni wa majira kutoka Ulaya na Asia bado wapo. Masika, Machi hadi Mei, simshauri mtu wa mara ya kwanza. Si kwamba ndege hawapo. Barabara ndiyo inayokuangusha, na darubini inashinda na ukungu.

Lakini Amani hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na haisomi kalenda. Njoo na koti la mvua mwezi wowote.

6. Nafikaje bila gari langu?

Panda basi la Tanga, liwe limetoka Dar es Salaam, Moshi au Arusha, ushuke Muheza. Kutoka Muheza kupanda Amani ni kilomita thelathini na ushee za barabara ya vumbi, na kuna magari ya abiria yanayopanda, machache. Fika Muheza mapema mchana. Ukichelewa itabaki bodaboda, na kupanda kona zile giza likiingia, begi mgongoni na mvua usoni, ni jambo ambalo sitaki ulifanye.

Mwenye gari binafsi: kipindi cha kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo linaweza kufika. Mvua zikianza, bila gari la kuvuta magurudumu manne usijaribu sehemu ya juu ya Sigi.

7. Kiingilio ni kiasi gani na nalipaje?

Viwango vimepangwa kwa kanuni za serikali, na Mtanzania au raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Kuna malipo ya kuingia, ya mwongozaji, ya kulala au kupiga hema. Mwenye kamera ya kazi au nia ya kurekodi filamu ana malipo na vibali vyake. Omba mchanganuo wote kabla ya safari, maana viwango hubadilishwa.

Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kama malipo mengine ya serikali, kupitia benki au simu. Kwa kuwa mtandao milimani unakuja na kuondoka, ni vizuri namba hiyo uipate na kuilipia ukiwa bado Muheza. Beba na fedha taslimu za chakula, usafiri na kifuta jasho.

8. Nilale Sigi au juu Amani?

Kote kuna nyumba za wageni za hifadhi na sehemu za hema. Sigi ni langoni, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto. Amani kwenyewe ni kama mita 900. Tofauti hiyo ya kimo, mwendo wa kilomita chache tu, inabadilisha ndege. Chini utapata wale wa misitu ya pwani, juu wale wa milimani.

Wageni wengi hulala juu tu kwa sababu kuna ubaridi mzuri na mandhari. Mimi ningegawa: usiku mmoja Sigi, miwili Amani.

9. Siku ngapi zinatosha?

Asubuhi tatu. Nahesabu asubuhi kwa sababu kazi kubwa yote iko kati ya saa 12 na nusu na saa 4. Anayekuja kulala usiku mmoja anakuwa ameweka safari nzima mikononi mwa hali ya hewa.

10. Ni lazima niwe na mwongozaji?

Chukua. Hata mimi niliyezizoea njia hizi naona tofauti ninapotembea na mtu aliyezaliwa hapo. Njia za msituni hugawanyika bila kibao, na nyingine huishia kwenye mashamba ya watu. Lakini sababu kubwa ni masikio. Mwongozaji mzuri anasikia mlio mmoja mwembamba katikati ya kelele za nyenje na kukuambia ni nani na yuko mti upi.

Unapoomba, sema wazi kwamba unataka mtu wa ndege. Wapo waongozaji hodari wa miti na dawa za asili ambao ndege si fani yao, na hilo si kosa lao. Muulize anawajua chozi wangapi wa hapa. Atakayeanza kuwatofautisha kwa sauti, huyo ndiye.

## Vifaa na mavazi

11. Darubini gani inafaa msituni?

Iliyoandikwa 8x42, ukiweza. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni zaidi ya milimita 5, wakati kile kidarubini cha mfukoni cha 10x25 kinakupa 2.5. Uwanjani penye jua hutaona tofauti kubwa. Chini ya miti ya Amani saa 1 asubuhi, mmoja anaona ndege na mwingine anaona kivuli cha ndege.

Ukuzaji mkubwa pia unatetemesha picha na kupunguza eneo unaloliona, na msituni ndege hakai sekunde tano. Jambo jingine: hakikisha inaweza kulenga kitu kilicho karibu, mita 2 au 3.

Ifunge usiku ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu wa Usambara unaharibu vioo bila kelele.

12. Nivae nini?

Kijani kilichofifia, kahawia, kijivu. Usivae nyeupe, wala koti la mvua linalopiga kelele kila ukiinua mkono. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu. Viatu viwe na meno. Raba laini zitakuangusha.

Usivae mavazi ya mabaka ya kijeshi. Maduka ya nje huyauza kama nguo za kutazamia ndege, lakini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na utapata matatizo kabla hujamwona hondohondo wa kwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo panga vitu vyako kwa mifuko ya kitambaa.

## Ndani ya msitu

13. Nimetembea saa mbili sijaona ndege hata mmoja. Nakosea wapi?

Umekosea hapo ulipotembea saa mbili. Hili ndilo swali kuliko yote, na jibu lake linabadilisha safari nzima: simama.

Mbugani au kando ya bwawa ndege wako wazi na wewe unawafuata. Msituni wewe ndiye unayeonekana. Kila hatua yako kwenye majani makavu inatangazwa mbele, na ndege wa chini wananyamaza mita 30 kabla hujafika. Chagua mahali penye mwanga kidogo: kona ya njia, mti ulioanguka na kufungua dirisha angani, kijito, au mkuyu wenye matunda yaliyoiva. Simama hapo dakika 20 bila kuzungumza. Dakika tano za kwanza hakuna kitu. Kisha msitu unakusahau.

Sikiliza kwa tabaka. Kwanza chini, kwenye majani makavu: je, kuna kitu kinachakura? Kisha urefu wa kichwa, kwenye vichaka. Kisha juu kabisa. Usimtafute ndege, tafuta jani linalotikisika wakati wenzake wametulia. Ukishaliona, usiliondolee macho. Inua darubini hadi machoni bila kushusha uso kuitazama darubini. Kosa hilo linawapotezea watu ndege wengi kuliko mvua.

Mkiwa wawili au zaidi, kubalianeni mapema namna ya kuelekezana. Kunyoosha mkono kunafukuza ndege. Wengi hutumia mishale ya saa, na hapo kuna mtego: ukisema "saa tatu ya ule mti", anayefuata saa ya Kiswahili atatazama kushoto, kwa sababu mshale wa saa tatu uko kwenye tisa, na anayesoma tarakimu za kwenye saa atatazama kulia. Nimeona watu wakikosa ndege adimu kwa sababu hiyo tu.

14. "Msafara wa ndege" ni nini?

Ni kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaosafiri pamoja wakitafuta wadudu. Msitu unaweza kuwa kimya nusu saa nzima, halafu ghafla kila tawi linatembea: wengine wanapekua magome, wengine chini ya majani, wengine wanadaka kinachoruka. Macho mengi humwona mwewe mapema, na mdudu aliyekurupushwa na mmoja huliwa na mwingine.

Msafara hukaa dakika chache. Usianze na kamera. Tazama kwanza juu kabisa, kwa sababu wa juu ndio wanaoondoka upesi na ndio adimu. *Hyliota usambara*, mwenye mgongo mweusi unaong'aa na kifua cha rangi ya chungwa iliyokolea, ni wa Usambara Mashariki peke yake na mara nyingi huonekana kwa namna hii tu.

15. Tumekutana na siafu njiani. Turudi?

Hapana! Hiyo ni bahati. Siafu wakitembea, kila mdudu mbele yao anakimbia, na wapo ndege wanaoishi kwa kuwafuata ili wadake wanaokimbia. Kama *Chamaetylas fuelleborni*, mwenye mgongo wa kahawia na kifua cheupe, yuko karibu, hapo ndipo atakapokuja.

Tafuta mstari wa mbele wa siafu, kisha rudi nyuma pembeni mita 5 au 6, uhakikishe miguu yako haiko juu ya tawi la msafara wao, utulie. Kagua viatu kila dakika moja. Ukiumwa na wa kwanza, usisubiri wa pili, sogea. Watoto wadogo wasikaribie.

16. Ndege gani nisiondoke bila kuwatafuta?

Anza na chozi wawili. Chozi wa Amani (*Hedydipna pallidigaster*) amebeba jina la mahali hapa. Dume ana kichwa cheusi chenye mng'ao na tumbo jeupe, na hukaa juu sana, kwa hiyo shingo itauma. Anapatikana pia Udzungwa na katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya. Wa pili ni *Anthreptes rubritorques*, wa kijani mwenye mkanda mwembamba mwekundu kifuani. Huyu hupatikana katika milima michache ya Tanzania tu, lakini hapa Amani anaweza kukujia kwenye miti ya bustani ukinywa chai.

Shorobo wa pwani (*Tauraco fischeri*) ni wa kijani na ushungi mwekundu. Msubiri aruke: mbawa zinafunguka nyekundu kama moto. Rangi ile ina madini ya shaba ndani yake, na hakuna ndege wa jamii nyingine mwenye nayo.

Hondohondo hahitaji kutafutwa. Mbawa zake zinasikika kama mtu anayepuliza mvuke. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, akaacha ufa mwembamba ambao dume analetea matunda miezi yote ya kuatamia na kulea. Ni msambazaji mkubwa wa mbegu za miti ya msitu huu, kwa mema na kwa mabaya: mti wa Maesopsis, ulioletwa kutoka nje ya Usambara na sasa unavamia msitu wa asili, umesambazwa sana na hondohondo huyohuyo.

Kando ya mto Sigi tazama mawe ya katikati na matawi yanayoinamia maji, uone mdiria. Na kima wakianza ghafla kupiga kelele za hofu wakiangalia juu, inua macho: tai mkubwa wa ushungi, *Stephanoaetus coronatus*, anawinda nyani na kima.

17. Na yule ndege mshonaji wa mdomo mrefu? Ni kweli haonekani?

Anaonekana, kwa anayekubali kukaa. *Artisornis moreaui* ni ndege mdogo wa kijivu asiye na pambo lolote, mdomo mrefu kuliko unavyotarajia kwa mwili ule. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1931 kutokana na ndege waliopatikana hapahapa Amani. Mbali na Usambara Mashariki, anajulikana mahali pamoja tu, kaskazini mwa Msumbiji.

Jina lake linamtaja Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha Amani. Lakini sehemu kubwa ya ndege waliompa Moreau sifa walitafutwa na kufikiwa na Salimu Asmani, aliyefanya kazi naye, na mimi hupenda wageni walisikie jina hilo pia wakiwa wamesimama katika msitu aliouzunguka.

Anakaa kwenye mizongomano ya mitambaazi, hasa penye mti ulioanguka au ukingo wa msitu. Kwa hiyo usihangaike ndani kwenye kivuli kizito. Uliza mwongozaji ni mzongomano upi una jozi mwaka huu, simama mbali kidogo, usikilize sauti kubwa inayorudiwarudiwa, kubwa kuliko mwili wake. Usiingie kwenye mitambaazi. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na mzongomano mmoja uliokanyagwa unaweza kuwa kiota kimoja kilichopotea.

18. Naweza kumwita ndege kwa kupiga sauti yake kwenye simu?

Naomba usifanye hivyo. Ndege anayesikia sauti ya mwenzake anaamini amevamiwa. Anaacha kula, anaacha mayai, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Mara moja huenda anasahau. Lakini kwenye njia maarufu kila kundi hufikiri ni mara moja, na ndege yuleyule anaitwa kila siku ya msimu. Kwa yule wa swali la 17 nakataa kabisa, hata mwongozaji akijitolea kukufurahisha.

19. Simu inatosha kupiga picha?

Kwa vinyonga, maua na ukungu wa asubuhi, inatosha sana. Kwa ndege wa juu, hapana. Lakini simu ina kazi moja bora: kurekodi sauti. Ielekeze kwenye mlio usioujua, hesabu sekunde 30 kimya, kisha umsikilizishe mwongozaji jioni. Mwanga wa flashi usitumike kwa ndege aliyelala wala kiotani. Droni zina vibali vyake. Usije nayo ukitumaini kuombea langoni.

20. Kwa nini kila mtu anawaita ndege majina tofauti?

Kwa sababu Kiswahili kilizaliwa pwani na kina majina mazuri ya ndege wa pwani na mashamba, lakini wengi wa msitu huu hawakuwahi kupewa jina moja linalokubalika kila mahali. Wasambaa wana majina yao, mengi yakiiga mlio wa ndege mwenyewe. Yaandike unapoyasikia, pamoja na kijiji. Kwa kuelewana na wengine tumia jina la kisayansi, kama nilivyofanya hapa nilipokosa la Kiswahili.

## Usiku

21. Usiku tumesikia sauti kama mtu anayenyongwa. Ni nini?

Ni perere, mnyama mdogo wa mitini, ukubwa wa sungura mnene. Anaanza taratibu kama mlango unaokwaruza, sauti inapanda, mwisho ni ukelele. Hana madhara yoyote. Kila wiki kuna mgeni asiyelala kwa ajili yake.

22. Naweza kuwatafuta bundi? Wenzangu wanasema ni nuksi.

Unaweza, na mwongozaji, kwa njia iliyokubaliwa na hifadhi. Bundi mkubwa wa Usambara alipewa jina *Bubo vosseleri* mwaka 1908, kwa heshima ya mtafiti wa kituo cha Amani. Wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa aina ya peke yake na wapo wanaomweka pamoja na bundi wa misitu ya magharibi. Misitu ya chini ina kibundi mdogo ambaye mwenzake yuko Arabuko-Sokoke.

Imani ya kwamba bundi akilia kuna msiba ipo kwa wengi wetu, na sitaki umdharau mzee anayeiamini. Mimi nilikulia ndani yake. Kilichonibadilisha ni kumtazama bundi akirudi kiotani mara sita usiku mmoja, kila mara na panya mdomoni, karibu na shamba la mahindi la watu walewale waliotaka kumpiga mawe.

Tumia tochi hafifu, ikiwezekana yenye mwanga mwekundu, na usimmulike machoni zaidi ya sekunde chache. Njiani utaona vinyonga wamelala kwenye ncha za matawi, weupe kama karatasi chini ya tochi.

## Mambo yasiyo ya kawaida

23. Mvua ikinyesha siku nzima?

Kaa barazani ukitazama mti wenye maua au matunda, darubini ikiwa kavu. Mvua ikikatika tu, toka mara moja. Nusu saa baada ya mvua, ndege wote wana njaa na wanakausha manyoya mahali pa wazi. Mara nyingi hiyo nusu saa huzidi asubuhi nzima.

24. Nina watoto, au mzazi asiyeweza kupanda milima. Tuje?

Njooni. Barabara za ndani ya bustani ya mimea ni pana na mteremko wake unavumilika, na ndege wa kule si wa kubahatisha. Mtoto wa chini ya miaka saba usimpeleke njia ndefu. Mpe kazi ya kuhesabu hondohondo wanaopita jioni kwenda kulala, ataifanya vizuri kuliko wewe.

25. Nimekuta kinda chini. Nimwokote?

Muache. Makinda mengi hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka, na wazazi wako karibu wakisubiri uondoke. Akiwa katikati ya njia, msogeze kichakani mita moja au mbili. Kiota ukikiona, usikate majani ili upate picha: kilichofunguliwa kwako kimefunguliwa kwa nyoka na kima.

26. Nimeona ndege ambaye hayumo kwenye orodha. Nimwambie nani?

Andika papo hapo: saa, mahali, kimo cha mti, alichokuwa akifanya, rangi ya mdomo na miguu, na sauti. Usifungue kitabu kabla ya kuandika, kwa sababu kitabu kitakushawishi umeona kilichochorwa. Kisha mweleze mwongozaji na ofisi ya hifadhi. Kumbukumbu zako, hata za ndege wa kawaida, zina kazi ukizipeleka eBird au Tanzania Bird Atlas, zinakokusanywa kumbukumbu za ndege. Kwa ndege walio hatarini usitangaze kiota kilipo.

27. Nimekuta mtego, au mti umekatwa ndani ya hifadhi. Nifanye nini?

Usimkabili mtu na usiuondoe mtego mwenyewe. Chukua alama ya mahali kwenye simu, ondoka kwa utulivu, utoe taarifa ofisini siku hiyohiyo, si siku ya kuondoka. Msitu huu umewahi kuvamiwa na wachimbaji wa dhahabu, na maji ya mto Sigi yanayotoka hapa ndiyo yanayoingia bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Askari wa misitu ni wachache kwa eneo lote hili. Mtazama ndege aliyekaa kimya saa moja mahali pamoja mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia shoka.